Uzamili kwa anayetaka kuongoza huduma ya magari ya wagonjwa

Nilipokuwa msimamizi wa zamu kwenye magari ya wagonjwa ya hospitali moja ya mkoa, niliitwa kwenye kikao cha bajeti kutetea ununuzi wa gari la pili. Mimi ni muuguzi. Nilikwenda na kisa cha mama aliyejifungulia njiani, kilomita chache kabla ya geti letu, na wajumbe walinisikiliza kwa huruma. Kisha mhasibu akaniuliza maswali mawili, tena kwa upole: kwa mwezi mnapokea simu ngapi, na tangu simu iingie hadi gari limfikie mgonjwa zinapita dakika ngapi? Nikafungua daftari mbele yao. Saa karibu zote ziliishia kwenye sifuri au tano, dalili kwamba zilikadiriwa tu. Mwenzangu mmoja aliandika "2:10" bila kusema ni asubuhi au usiku, mwingine "20:10". Sikuwa na jibu. Fedha za mwaka ule zikaenda kwenye uzio.

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu, mhudumu wa dharura au daktari anayejua vizuri kumhudumia mgonjwa ndani ya gari, na sasa anatakiwa au anatamani kuisimamia huduma yenyewe: simu, madereva, mafuta, vifaa, fedha, ubora. Kazi hiyo ya pili ina elimu yake, nayo hupatikana kwa kina kwenye shahada ya uzamili. Nitazungumzia zaidi Tanzania na Kenya kwa sababu ndiko ninakokujua, ila hatua nyingi zitamfaa hata aliyeko Kigali au Kampala.

Haja ya watu hawa ni kubwa sasa. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio WHA72.16 la kuzitaka nchi ziimarishe mifumo ya huduma za dharura. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Rwanda ina SAMU, huduma yake ya taifa ya magari ya wagonjwa, na namba yake 912. Tanzania tuna m-mama na namba 115, ambako mama mjamzito au kichanga mwenye hali ya hatari hutafutiwa usafiri, na pasipokuwa na gari la wagonjwa karibu huitwa dereva wa jamii mwenye gari lake, akalipwa kwa simu. Mfumo kama huo hauendeshwi na moyo wa huruma peke yake. Kuna mtu lazima akae ahesabu madereva, umbali, malipo na dakika.

Hatua ya 1: Andika tatizo la huduma yako kabla ya kutafuta chuo

Wengi huanza na orodha ya vyuo. Mimi nakushauri uanze na daftari la kazini kwako. Chukua mwezi mmoja, andika kila safari: simu iliingia saa ngapi, gari liliondoka saa ngapi, lilifika kwa mgonjwa saa ngapi, liliondoka naye saa ngapi, lilifika hospitali saa ngapi, mgonjwa alikabidhiwa saa ngapi, gari likawa tayari tena saa ngapi. Nyakati saba. Ukikuta tatu tu ndizo zimeandikwa, hilo nalo ni tatizo la kuandikia.

Nikuonyeshe kwa karibu namba hizi zinavyosema. Chukulia safari kumi, dakika za kumfikia mgonjwa zikiwa: 8, 9, 11, 12, 12, 14, 15, 17, 41, 71. Ukizijumlisha unapata 210, wastani dakika 21. Ukisimama mbele ya wakubwa ukasema "tunafika kwa dakika 21" utakuwa umesema jambo ambalo halikumtokea mgonjwa hata mmoja kati ya hao kumi. Wanane walifikiwa ndani ya dakika 17. Wawili walisubiri sana. Sasa tafuta ya katikati, yaani mediani: ni 13. Kisha uliza, tisa kati ya kumi walifikiwa ndani ya dakika ngapi? Ni 41. Hizi mbili, 13 na 41, zinaeleza huduma yako kuliko 21. Mgonjwa wa kawaida anapata gari haraka, lakini kuna mahali au saa fulani ambapo mambo yanakwama, na hapo ndipo pa kwenda kuchimba.

Huko England tangu mwaka 2017 wamejiwekea vipimo viwili kwa mgonjwa aliye hatarini kabisa: wastani wa dakika 7, na tisa kati ya kumi ndani ya dakika 15. Wameweka viwili kwa sababu hii hii. Usizichukue dakika zao ukazibandika kwenye wilaya yenye barabara za vumbi na gari moja. Chukua namna yao ya kupima.

Ukimaliza, andika nusu ukurasa: tatizo ni lipi, linawapata nani, unadhani chanzo ni nini, na ungehitaji kujua nini ili ulitatue. Karatasi hiyo utaitumia hadi siku ya kutetea tasnifu. Mimi niliandika kwamba gari moja halitoshi. Nitakuja kueleza ilivyoishia.

Hatua ya 2: Angalia uliposimama kielimu

Hapa nitapita haraka. Uzamili unadai shahada ya kwanza. Kwa mfumo wa Tanzania shahada ya kwanza ni ngazi ya 8 na uzamili ni ya 9. Mwenye stashahada yuko ngazi ya 6, hata kama ana miaka kumi na tano barabarani na anawafundisha madaktari wapya kufungua njia ya hewa. Inauma, lakini ndivyo ilivyo. Kama una stashahada, njia yako ni kumaliza shahada kwanza: uuguzi, utabibu au usimamizi wa afya, kwa kutegemea ulikotoka. Usimlipe mtu yeyote anayekuahidi uzamili wa moja kwa moja kutoka kwenye cheti cha huduma ya kwanza.

Kama una shahada, toa nakala zilizothibitishwa za cheti na matokeo mapema. Vyuo vingine vya kwetu huchukua wiki nyingi kuzitoa, na tarehe za mwisho za maombi hazingoji.

Hatua ya 3: Chagua upande

Hapa ndipo watu hupotea, na ndipo nataka tukae kidogo.

Upande wa kwanza ni ubingwa wa tiba. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapo hapo Muhimbili, ikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo kwa miaka 3. Ni ya madaktari tu. Kwa wauguzi, MUHAS ina uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Programu hizi zinakupa mkono na jicho. Anayetaka kuwa mkurugenzi wa tiba wa huduma ya magari, mwenye kuandika miongozo ya matibabu na kuwasimamia wahudumu kitaalamu, hapa ndipo pake. Ila usitegemee zikufundishe kusoma taarifa ya fedha.

Upande wa pili ni afya ya jamii. Uzamili wa afya ya jamii unapatikana vyuo vingi vya Afrika Mashariki, na una kitu ambacho sisi wa magari tunakihitaji kuliko tunavyokubali: takwimu na epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa na ajali zinavyowapata watu. Ajali za bodaboda zinatokea wapi, saa ngapi, kwa nani? Ukiweza kujibu hilo kwa ramani na jedwali, umeshajua gari lisimame wapi.

Upande wa tatu ni usimamizi. Mzumbe kina uzamili wa usimamizi wa mifumo ya afya. Strathmore, Nairobi, kina uzamili wa biashara uliojikita kwenye usimamizi wa huduma za afya. Huku utajifunza bajeti, manunuzi, rasilimali watu na mikataba. Kwa aliyeko Kenya upande huu una uzito wa pekee, maana tangu ugatuzi wa mwaka 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, na mwenye kuomba magari anaomba kwa watu wenye hospitali, barabara na masoko mezani kwa wakati mmoja. Sheria ya bima ya afya ya jamii ya mwaka 2023 nayo imeunda mfuko wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Kiongozi wa huduma ya dharura asiyejua namna ya kudai malipo kwenye mfuko huo atabaki kulalamika mafuta yamekwisha.

Upande wa nne ni uzamili wa huduma za dharura wenyewe, kwa jina hilo. Afrika Kusini ina shahada ya miaka 4 ya huduma za dharura kabla ya hospitali, na vyuo vyake vinaendelea hadi uzamili kwenye fani hiyo. Marekani kuna chuo kikuu cha UMBC huko Maryland, chenye idara nzima ya mifumo ya afya ya dharura na maafa, na Creighton huko Omaha, chenye uzamili wa fani hii unaosomwa kwa masafa, yaani ukiwa mbali na chuo. Hapa utakutana na walimu waliokaa ndani ya gari, na masomo kama upangaji wa magari kwa saa na eneo, uendeshaji wa chumba cha simu na uchunguzi wa ubora wa safari.

Ushauri wangu, na najua wapo wasioafiki: kama utafanya kazi hapa hapa nyumbani, afya ya jamii au usimamizi wa mifumo ya afya kwenye chuo cha kwetu, ukiwa na tasnifu juu ya magari ya wagonjwa, vitakubeba mbali kuliko cheti chenye jina zuri kutoka mbali ambacho ofisa utumishi hajui akiweke kwenye muundo gani. Nenda upande wa nne kama lengo lako ni kuanzisha mafunzo ya wahudumu wa dharura au kufundisha chuoni. Huko kuna maarifa ambayo bado hatuna.

Kuna kisa kimoja ninachowasimulia wenzangu wanaosema kwamba ukihudumia vizuri, mengine yatajipa. Mwaka 1967 huko Pittsburgh, Marekani, ilianzishwa huduma ya magari ya wagonjwa iliyoitwa Freedom House. Wahudumu wake walikuwa vijana weusi kutoka mtaa maskini ambao wengi waliwaona hawaajiriki. Daktari Peter Safar aliwaandalia mafunzo ya kina ambayo hayakuwa ya kawaida nchini humo, na baadaye daktari Nancy Caroline akawa mkurugenzi wao wa tiba. Yeye ndiye aliyekuja miaka ya mbele Nairobi kufanya kazi na shirika la afya la AMREF. Kitabibu walikuwa mfano. Lakini mkataba na fedha vilikuwa mikononi mwa ofisi ya meya, na mwaka 1975 jiji likaanzisha huduma yake lenyewe, Freedom House ikafungwa. Nikikifikiria kisa hiki najiuliza kila mara ni nani kati yetu anaketi pale maamuzi ya mkataba yanapofanyika, na anakwenda na nini mkononi.

Hatua ya 4: Soma orodha ya masomo, usisome tangazo

Omba orodha kamili ya masomo, semista kwa semista. Tafuta takwimu, fedha za afya, uboreshaji wa huduma, sheria na maadili, na uongozi wa watu. Programu isiyo na takwimu iache. Programu isiyo na tasnifu au mradi wa vitendo iangalie mara mbili, kwa sababu tasnifu ndiyo nafasi yako ya kulichunguza lile tatizo la Hatua ya 1 ukiwa na msimamizi pembeni.

Kisha mwandikie mratibu wa programu na umuulize swali moja: mwalimu gani anaweza kunisimamia nikitafiti muda wa kufika kwa magari ya wagonjwa? Jibu lake, na siku atakazochukua kujibu, vitakueleza mengi.

Nikupe mfano wa somo lenye faida ya moja kwa moja. Kuna kipimo cha matumizi ya gari: unagawanya idadi ya safari kwa saa ambazo gari lilikuwa zamu. Gari lililokaa zamu saa 24 likafanya safari 6 lina 0.25. Inaonekana gari limepumzika. Lakini kama safari 4 kati ya hizo zilikuwa kati ya saa 12 jioni na saa 6 usiku, kwa saa hizo sita kipimo ni 0.67, na saa 18 zilizobaki ni 0.11 tu. Wahudumu wa jioni wanakimbia bila kula, wa asubuhi wanaosha gari mara mbili. Kwa miaka nilisikia wa jioni wakilalamika nikadhani ni uvivu. Nilipofundishwa hesabu hii, usiku ule ule nilimpigia simu mmoja wao kumwomba radhi.

Hatua ya 5: Hakikisha cheti kitatambuliwa

Kabla ya kulipa hata shilingi, kama chuo ni cha nje, hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, au kwa Kenya tume yao ya elimu ya vyuo vikuu, CUE. Uliza kwa maandishi, taja programu, taja kwamba utasoma kwa masafa kama ndivyo. Tunza jibu. Na ukumbuke kwamba uzamili wa usimamizi haukupi leseni mpya ya kutibu: utabaki kwenye baraza lako la taaluma vile vile, na uhai wa leseni yako ni jukumu lako hata ukiwa masomoni.

Hatua ya 6: Fedha na muda

Ufadhili upo, na watu wa magari ya wagonjwa hatuombi vya kutosha kwa kudhani ni wa madaktari. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia uzamili wa mwaka mmoja. Inadai saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Saa hizo wewe umeshazifanya usiku peke yake. Jumuiya ya Madola, Commonwealth, wana ufadhili wa uzamili wa masafa, unaosoma huku ukiwa kazini, na kwa mtu mwenye familia na mkopo wa benki naona huu unafaa zaidi. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, nalo hufadhili masomo ya uzamili kwa watu wa Afrika Mashariki. Dirisha la Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti. Anza kuandika Mei.

Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo mapema na asiondoke bila barua. Nimeona mtu akirudi na shahada akakuta mshahara umesimamishwa miezi saba.

Kuhusu muda, nisikudanganye. Nilisoma kwa masafa nikiwa kazini, na kusoma baada ya zamu ya usiku hakuwezekani. Nilijaribu wiki tatu. Kilichonifaa ni kuomba ratiba ya zamu ya miezi mitatu kwa mkupuo, kuweka alama siku za mapumziko, na kusoma asubuhi za siku hizo tu, kwa muda wa saa nne, simu ikiwa kwa mama mkwe. Yeye ndiye aliyewaambia watu wa nyumbani, "Mwacheni, yuko darasani," hata nilipokuwa nimekaa uani kwenye mkeka. Ongea na watu wa nyumbani kwako kabla hujajaza fomu. Wataubeba mzigo huu pamoja nawe, na wana haki ya kujua uzito wake.

Hatua ya 7: Barua ya maombi

Chagua wadhamini wawili au watatu: mmoja aliyekufundisha, mmoja aliyekusimamia kazini. Mganga Mkuu mwenye jina kubwa asiyekujua ataandika mistari minne. Daktari wa mapokezi unayemkabidhi wagonjwa kila wiki ataandika ukurasa, na utasomeka.

Kwenye maelezo yako binafsi, acha kuanza na "tangu utotoni nilipenda kuokoa maisha". Nilisoma barua za vijana wawili walioniomba msaada. Wa kwanza aliandika hivi:

"Mimi ni mchapakazi mwenye ari ya kuleta mabadiliko katika sekta ya afya, na naamini programu yenu itanijengea uwezo."

Nikamuuliza, kazini kwako kuna nini kinachokusumbua? Akafikiri, akasema: tunafika hospitali na mgonjwa, halafu tunakaa na machela yetu kwenye korido kwa sababu hakuna kitanda, na huku simu nyingine inaita. Nikamwambia aandike hicho hicho. Akaandika:

"Mwezi Machi nilihesabu safari 64. Kwenye 19 kati ya hizo tulikaa zaidi ya nusu saa mapokezi tukisubiri kitanda, machela yetu ikiwa chini ya mgonjwa. Kwa muda huo wilaya haikuwa na gari. Nataka kujifunza namna ya kupima na kupunguza muda huu kwa kukubaliana na hospitali, na ndiyo maana naomba programu yenye somo la uboreshaji wa huduma."

Barua ya pili inamtambulisha mtu anayejua anachokitafuta. Alipata nafasi.

Hatua ya 8: Tasnifu

Vibali kwanza. Tanzania utahitaji kibali cha maadili, cha chuo na pale inapotakiwa cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kenya leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume yao ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Na kote kote ruhusa ya hospitali yenyewe. Usifungue daftari la wagonjwa kama mtafiti kabla ya barua hizo, hata kama daftari ni lako la kila siku. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Majina na namba za simu uziache kwenye daftari, wewe chukua nyakati, umri, jinsia, aina ya tatizo na eneo, na kila safari uipe namba.

Halafu kusafisha taarifa. Kazi hii iliniletea machozi, na ndiyo iliyonifundisha kuliko darasa lolote. Ile "2:10" niliyoitaja mwanzo inaweza kuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi, inaweza kuwa saa mbili na dakika kumi usiku, na kama aliyeandika alitazama simu yake badala ya kuhesabu kwa Kiswahili, inaweza kuwa usiku wa manane, saa nane na dakika kumi. Vitu vitatu kwenye kisanduku kimoja. Kwa safari za mwaka mzima.

Nilifanya hivi. Nilichukua rejista ya mapokezi ya majeruhi, ambayo wauguzi huandika asubuhi, jioni au usiku kwa kila zamu. Nikachukua daftari la mlinzi wa getini, mzee mmoja mwenye mwandiko mzuri ambaye kwa miaka aliandika kila gari lililotoka na kuingia, kwa saa ya mkononi, dakika kamili. Nikachukua na kitabu cha safari cha dereva. Safari moja moja, nikalinganisha. Zile ambazo madaftari mawili hayakukubaliana niliziweka pembeni na nikaeleza kwenye tasnifu ni ngapi na kwa nini. Usizifute kimya kimya. Msimamizi mzuri atauliza, na hata asipouliza, msomaji wako ana haki ya kujua.

Daftari la mzee wa getini ndilo lililonivunja moyo na kunifungua macho. Nililinganisha saa simu ilipoingia na saa gari lilipopita geti, nikakuta kwamba ule muda mrefu wa wagonjwa wachache haukuwa barabarani. Gari lilikuwa halijatoka. Ufunguo ulikaa ofisi ya utawala, ambayo jioni hufungwa, na dereva wa zamu alisubiri nyumbani kwake akiitwa kwa simu. Miaka yote hiyo nilipigania gari la pili, na gari la kwanza lilikuwa limeegeshwa uani huku tukimtafuta mwenye ufunguo. Nilimkumbuka yule mama aliyejifungulia njiani. Nilirudi kwenye daftari la tarehe ile. Dakika 38 kutoka simu hadi geti.

Hatua ya 9: Anza kutumia kabla hujavaa joho

Usisubiri mahafali. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai, na mipango ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Ukimaliza uchambuzi Januari ukanyamaza hadi Novemba kwenye mahafali, umepoteza bajeti nzima. Andika ukurasa mmoja kwa Mganga Mfawidhi: ulichokikuta, kinachoweza kubadilishwa bila fedha, kinachohitaji fedha kidogo, kinachohitaji fedha nyingi. Kwa mpangilio huo. Na mpelekee kwanza yeye peke yake, ana kwa ana, kabla hajausikia kikaoni. Matokeo yanayomfedhehesha mkubwa mbele ya watu hayatekelezwi.

Kwetu, lisilohitaji fedha lilikuwa ufunguo kuhamia chumba cha simu. Lililohitaji kidogo lilikuwa chumba cha kupumzikia dereva, kitanda na feni, hatua chache kutoka kwenye gari. Pia tulichapisha fomu mpya yenye zile nyakati saba, na juu yake tukaandika kwa herufi kubwa: SAA 24, MFANO 20:10. Kila Jumatatu mhudumu mmoja, kwa zamu, huwasomea wenzake mediani ya wiki iliyopita na ile ya tisa kati ya kumi. Mwanzoni walisoma kwa aibu. Siku hizi wanabishana.

Gari la pili nililiomba tena mwaka uliofuata, kwa saa za jioni pekee, kuanzia saa 12 hadi saa 6 usiku, nikiwa na jedwali la safari za kila saa. Yule mhasibu alilishika jedwali, akalipitisha kidole mstari kwa mstari, akaniuliza kwa nini Ijumaa ni nyingi hivi. Nilikuwa na jibu, na kikao kikaendelea kutoka hapo.